Fumbo na Mjinga

Wahenga walisema: "Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua." Nimeishi na methali hiyo tangu nilipoanza kujifunza utungo pasi na mwalimu. Riwaya ya Mwingereza Mark Haddon, The Curious Incident of the Dog in the Night-Time (2003), imenifanya niitilie shaka.

Msimulizi wake, Christopher, ana miaka 15, na anasoma skuli ya wenye mahitaji maalumu mjini Swindon. Neno usonji halimo riwayani, ila wasomaji wengi hulitambua. Kwake sitiari ni uongo, tashbihi huivumilia. Fumbo haligangui, wala si mjinga.

Aliyenivutia zaidi ni mwalimu wake, Siobhan. Christopher hulalamika kwamba watu humwamuru anyamaze bila ya kumweleza kwa muda gani. Siobhan hulijua hilo, na akimkataza jambo humbainishia ni lipi hasa. Wema wake umo katika lugha.

Hapo riwaya yatugusa watu wa pwani, sasa tunapotaka watoto wote wasome darasa moja. Walimu wetu husema kwa mafumbo bila ya kujijua: "tega sikio", "vuta subira". Mtoto mwenye usonji huenda akauliza subira huvutwa kwa kamba gani. Akadhaniwa fidhuli, akatolewa nje. Mfasiri huitambua mara moja kauli isiyofasirika neno kwa neno; mwalimu naye na ajipime hivyo kabla ya kuamrisha. "Ngoja mpaka mkono mrefu wa saa ufike kwenye saba" ni kauli isiyo na urembo, lakini humbakisha mtoto kitini, na wenzake hawapotezi kitu.

Walakini riwaya ina kasoro. Mwalimu mkuu anakataa Christopher asifanye mtihani wa juu wa hisabati; baba anamshikilia mpaka akubali; kijana anapata daraja la kwanza. Furaha hiyo yaelekea kusema kwamba kipaji ndicho nauli ya kukubaliwa. Na wale wanafunzi wenziwe, ambao Christopher mwenyewe huwaona wajinga? Haddon hakuwapa nafasi ya kumjibu. Nao wanastahiki kiti, hata wasipojua hesabu.

Mafumbo sitayaacha, ndiyo kazi yangu. Lakini nikiingia darasani, anayelifumba ndiye atakayelifumbua, wala mtoto asiitwe mjinga kwa kungoja.