Kibandiko cha Insulini cha 2015: Kosa la Kimeng'enya

Kibandiko cha vijisindano vya polima kinachohisi sukari na kuachia insulini chenyewe kilitangazwa mwaka 2015 na kundi la Zhen Gu, North Carolina, Marekani, baada ya majaribio kwa panya. Lengo lilikuwa sahihi. Kichocheo kilichoteuliwa hakikufaa.

Ndani ya vijisindano hivyo, vilivyozidi 100, mlikuwa na vifuko vya insulini pamoja na glukosi oksidesi. Sukari ikipanda, kimeng'enya hicho huichoma kwa oksijeni. Oksijeni ikipungua, nitroimidazoli iliyopachikwa kwenye polima hubadilika na kupenda maji, kifuko kikavunjika. Polima hiyo, basi, haikuhisi sukari hata kidogo: ilihisi upungufu wa oksijeni na kudhani kuwa sukari ndiyo iliyouleta. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Oksijeni ya ngozi hushuka pia damu isipofika vizuri, na kisukari mara nyingi huharibu mishipa midogo ya damu. Insulini ikitoka wakati sukari haijapanda, mgonjwa anaweza kuzimia.

Isitoshe, kimeng'enya hicho huzalisha haidrojeni peroksaidi, inayodhuru tishu na kukidhoofisha chenyewe. Mwaka 2018 kundi hilohilo lilileta muundo wenye tabaka la katalesi la kuiondoa, yaani tiba ya tatizo lililotengenezwa na uteuzi wa awali. Tena kimeng'enya ni protini, na joto ni adui wake. Insulini peke yake hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Kuiongezea protini nyingine dhaifu ni kumsahau mgonjwa wa Mgori, mkoani Singida, ambaye nyumbani hana jokofu. Maabara zimezoea kubuni dawa kwa mazingira yao, kijiji kikafikiriwa mwisho.

Kibandiko kilichofuata, cha mwaka 2020, kiliacha kimeng'enya: asidi ya feniliboroni hushika glukosi moja kwa moja, jeli huvimba, insulini hutoka, na sukari ya nguruwe wadogo ilidhibitiwa kwa zaidi ya saa 20.

Watangulizi wa vijisindano walikuwa waangalifu zaidi. Mwaka 1998 Mark Prausnitz na wenzake walitumia sindano za silikoni za mikroni 150 kupima jambo moja tu, upenyaji wa ngozi. Subira hiyo ilizaa kibandiko cha chanjo ya surua na rubela kilichojaribiwa kwa watoto wa Gambia, matokeo yakachapishwa 2024.

Mtu mzima wa kilo 60 anayetegemea insulini huhitaji takriban uniti 30 kwa siku, kama miligramu 1. Polima inayofaa lazima ibebe kiasi hicho, ihisi glukosi yenyewe, na istahimili joto.