Kanga Zisizovaliwa: Kazi za Bibi Lubaina Himid

Wanawake wetu wa Magomeni, hapa Mtwara, hawanunui kanga kwa rangi peke yake. Kwanza husoma jina. Jina lisilofaa kwenda nalo kanisani huachwa dukani, hata rangi ikipendeza. Tena yasimuliwa ya kwamba kanga yenyewe ilianza kwa kuunganishwa: leso sita za Kireno zilishonwa pamoja, tatu juu na tatu chini, ikapatikana nguo moja. Basi twaona ni haki yetu sisi watu wa pwani kuzipima kazi za Bibi Lubaina Himid, mchoraji aliyezaliwa Unguja mwaka 1954.

Babaye alifariki, naye akachukuliwa na mamaye kwenda Uingereza angali mtoto wa miezi minne. Mama huyo alikuwa mchora nakshi za nguo. Mwaka 2017 Bibi Lubaina, mwenye miaka 63, alipewa tuzo ya Turner, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. (Mwaka ule ule ndipo ilipoondolewa kanuni ya kuwakataa waliopita miaka 50. Ilichelewa!)

Mwaka 2018, mjini Gateshead, alitundika bendera zilizofanywa mfano wa kanga, zenye maneno ya washairi kama Audre Lorde na James Baldwin, na watazamaji wakaruhusiwa kuzipanga upya. Zapendeza. Walakini twasema bila kuficha, jina la kanga si shairi tu. Lina mtu anayeambiwa: wifi, mama mkwe, jirani mwenye maneno mengi. Bendera ya ukumbini yamwambia nani?

Jibu tumeliona katika kazi yake ya zamani zaidi, Cotton.com ya mwaka 2002, nayo haina sura ya kanga kabisa. Ni picha ndogo 85 za nakshi, nyeusi na nyeupe. Mwaka 1862 viwanda vya Manchester vilikosa pamba kwa sababu ya vita vya Marekani. Wafanyakazi walishikwa na njaa, na hata hivyo wengi wao walisimama upande wa Lincoln, aliyepigana na wenye watumwa. Bibi Lubaina aliwawazia wafanyakazi hao na watumwa waliolima pamba wakipelekeana habari kwa nakshi, watu wasioonana kamwe. Hapo kila nakshi ina mwenyewe na ina wa kuipokea, kama kanga.

Watumwa walipakiwa majahazini hata Mikindani, karibu yetu. Tungependa picha zile 85 ziletwe huko, wanawake wazitazame, wazipe majina.