Kukinga Mwanga Palomar

Mafundi waliosugua kioo cha darubini ya Hale, juu ya mlima Palomar huko California, walikuwa hawajasikia habari za leza. Kioo hicho kilimiminwa Corning, New York, mwaka 1934, kikaachwa kipoe taratibu kwa miezi, kisha kikasuguliwa miaka na miaka hadi tani kadhaa za kioo zikaishia kuwa vumbi. Vita vya Pili vya Dunia vikaingilia kati. Darubini ilizinduliwa mwaka 1948, upana wa kioo mita 5.1, ikawekwa kutazama nyota.

Mwishoni mwa 2023 ilipewa kazi nyingine. Chombo cha anga cha Psyche, kilichorushwa Oktoba mwaka huo, kilibeba leza ya majaribio ya NASA yenye nguvu ya wati 4 tu. Taa ya chumbani huishinda. Miale yake ikifika Duniani imeshatawanyika kwa upana wa mamia ya kilomita, na kinachodondokea Palomar ni fotoni, yaani chembe za mwanga, chache tu. Kwa kazi hii picha safi ya nyota haina maana. Kioo kinakinga tu, kama pipa chini ya mchirizi wa paa, na kadiri kilivyo kipana ndivyo kinavyokinga zaidi.

Mwanga uliokingwa ulipelekwa kwenye kipokezi cha nyaya nyembamba mno, zilizopozwa hadi karibu nyuzi 272 chini ya sifuri. Hapo umeme hupita bila kizuizi chochote. Fotoni moja ikigusa waya, hali hiyo huvunjika kwa kitambo kidogo, na mpigo husajiliwa. Ujumbe umo katika wakati: fotoni imefika saa ngapi hasa, kwa vipande vya sekunde visivyohesabika kwa akili ya kawaida.

Mimi, hata hivyo, navutiwa zaidi na ulengaji. Dunia hulizunguka Jua kwa karibu kilomita 30 kila sekunde. Tarehe 11 Desemba 2023 Psyche ilikuwa umbali wa kilomita milioni 31, na mwanga ulichukua sekunde 101 kufika. Chombo kililazimika kulenga mahali ambapo Dunia ingekuwapo, huku kikiongozwa na leza iliyorushwa kutoka Table Mountain, mlima mwingine wa California. Kilichotumwa, kwa megabiti 267 kwa sekunde, kilikuwa video ya paka akifukuza nukta ya leza. Wahandisi nao wana utani wao.

Na Palomar haikubaki peke yake: mwaka 2025, darubini ya Aristarchos huko Ugiriki, yenye kioo cha mita 2.3, ilipokea ishara za chombo hichohicho kutoka kilomita milioni 265.