Ghala la Watunzi Wawili: Kurejea Albamu ya Mwisho ya Hüsker Dü

Hüsker Dü, okestra ya rock ya watu watatu kutoka Minnesota, Marekani, ilitoa albamu yake ya mwisho, Warehouse: Songs and Stories, mnamo Januari 1987. Mwaka mmoja baadaye ilivunjika. Neno la kwanza la anwani hiyo maana yake ni ghala, nalo linafaa: nyimbo 20 zimepangwa humo kama magunia, tano kwa kila upande wa santuri mbili. Nyimbo 11 ni za Bob Mould, mpiga gitaa. Tisa ni za Grant Hart, mpiga ngoma.

Wahakiki wengi wamelaumu wingi huo. Lawama hiyo ina ukweli: upande wa nne hauna nguvu za ule wa kwanza, na gitaa limemeza besi ya Greg Norton. Hata hivyo, kasoro yenyewe haitokani na wingi bali na mgawo. Katika nyimbo tisa za mwanzo watunzi wanapokezana bila kukosa, huyu mmoja, yule mmoja. Methali ya mafahali wawili zizini itamjia msomaji upesi, lakini haitoshi. Hapa mafahali hawapigani; wanahesabiana nyasi.

Zen Arcade (1984), nayo ya santuri mbili, ilishikwa na kisa cha kijana anayeihama nyumba ya wazazi. Warehouse haina kamba ya namna hiyo. Mould anajihoji nafsi, akirundika gitaa juu ya gitaa. Hart anapenda visa, na katika “She Floated Away” anaazima mwendo wa nyimbo za mabaharia. Hawajibizani kama malenga wawili, wanapishana mlangoni.

Je, ingefaa nyimbo zipunguzwe? Pengine, lakini nani angezipunguza? Waliosimamia kazi studioni ni Mould na Hart wenyewe, na kukata wimbo kungekuwa kumhukumu mwenzio. Basi kutolingana kwa albamu hii ni gharama ya amani yao ya mwisho. Gharama hiyo ilileta faida pia: wimbo wa kufunga, “You Can Live at Home”, ni wa Hart, aliyefariki mwaka 2017, nao unalipita karibu kila jambo lililoutangulia. Mchujo mkali ungeweza kuuacha nje. Ghala lililojaa kupita kiasi ndilo lililouhifadhi.