Kosa la Ukuta wa Mifupa

Waliowahi kushuka zile ngazi 131 za makaburi ya chini ya ardhi ya Paris, au kuyaona kwenye runinga, wanaujua ukuta ninaousema: ncha za mifupa ya miguu zimebanana, mstari wa mafuvu ukapita katikati, kisha miguu tena. Watu huusifu. Mimi nasema ni kosa, na aliyelifanya anajulikana.

Kazi ya awali ilikuwa safi. Guillaumot, mkaguzi wa kwanza wa machimbo ya jiji, aliyaimarisha yaliyokuwa yakititia, na kuanzia 1785 mifupa ya makaburi ya Saints-Innocents ikahamishiwa humo usiku, mikokoteni imefunikwa, mapadri wakisindikiza. Hapo sina neno.

Kuanzia 1810, Héricart de Thury, mkaguzi wa machimbo, akaamua mifupa iliyorundikwa ipangwe kwa umbo. Fuvu kwa fuvu, paja kwa paja. Mbavu, vidole na pingili za mgongo vikasukumwa nyuma ya ukuta, mgeni asivione. Watetezi wake husema mifupa ilikwishachanganyika tangu kwenye mikokoteni. Kweli, lakini ndani ya rundo fuvu huweza kuwa bado limelala karibu na taya lake. Ukishalichomeka ukutani kama tofali, nafasi hiyo imekwisha. Aliweka vibao vya mawe vinavyotaja makaburi ilikotoka mifupa na tarehe ilipoletwa. Mtu hayumo.

Nimeshalisema na nitalirudia: wazee wa Kipare waliijua kazi hii kumzidi. Kule Usangi na Ugweno fuvu la mzee lilifukuliwa baada ya muda, likapelekwa kwenye mpungi (mahali pa kutunzia mafuvu) wa ukoo wake, si wa jirani. Aliyekwenda kutambika alijua anasema na nani. Mpangilio ulifuata damu.

Anayedhani hizi ni hisia tu aitazame Berlin. Mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni yalichunguzwa huko, 202 yakihusishwa na Tanzania. Mwaka 2023 vinasaba vikaonyesha ndugu walio hai, hapa nchini, wa mafuvu matatu. Moja lilikuwa limeandikwa "Akida", na likatambuliwa kuwa la mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi. Walioyachukua waliiba, sina lugha nyingine. Lakini neno hilo moja juu ya mfupa lilisaidia kuifikia familia. Kwenye ukuta wa de Thury hakuna neno la kuanzia.

Ndiyo maana sinyamazi juu ya waongozaji wetu wa watalii huko Upare, Same na Mwanga. Kijana mmoja wao aliyeligeuza fuvu la mpungi litazame kamera ya mgeni alirudia uamuzi wa 1810. Namna fuvu lilivyokaa na lilivyopakana na mengine ni kumbukumbu ya ukoo, na huenda mzee aliyeliweka alishakufa bila kumweleza mtu. Wenye mpungi waombwe ruhusa kabla gari halijaondoka mjini, mgeni aishie mlangoni, na mwongozaji aweke mikono yake mfukoni.