Vivumishi Viwili, Kihusishi Kimoja

Mwalimu wa Kiingereza akutanapo na sentensi "She is fond and familiar with the work" hasiti kuipiga mstari mwekundu. Kivumishi "fond" hudai "of", na "familiar" hudai "with". Kihusishi kimoja hakiwezi kuvitumikia vyote viwili. Sharti iandikwe "fond of and familiar with the work".

Ajabu ni kwamba mwalimu yuyo huyo husoma "Kitabu hiki ni sawa au bora kuliko kile" akapita kimya, ilhali kosa ni lile lile. "Sawa" hufuatwa na "na". "Bora" hufuatwa na "kuliko". Hakuna asemaye "sawa kuliko".

Hata hivyo, hatukubaliani na wale watakao kuliponya kosa hili kwa dawa ya Kiingereza, yaani "sawa na au bora kuliko kile". Kiswahili hakipendi kihusishi kining'inie mbali na jina lake. Tena "na" yetu hubeba mengi. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliieleza kuwa ni neno la ushirika. Na ushirika huo huunganisha maneno, na pia humwonyesha mtendaji. Mathalan, aandikaye "Anapendezwa na kuitegemea kazi hii" humwacha msomaji njia panda: je, mtu huyu anapendezwa na kazi na pia anaitegemea, au kinachompendeza ni huko kuitegemea? Akiongeza "na" ya pili, "anapendezwa na na kuitegemea", huzidisha ubaya.

Dawa imo humu humu lughani. Kwanza, vivumishi vingi vya Kiingereza tukivifasiri hugeuka vitenzi, na kiambishi cha yambwa hubeba uhusiano: "Anaipenda kazi hii na ameizoea." Hapo tatizo lote hutoweka. Pili, pasipo na budi kutumia kihusishi, fungu la kwanza na likamilike, kisha jina lirejelewe: "Anapendezwa na kazi hii, tena anaitegemea", "Kitabu hiki ni sawa na kile, au hata chakishinda."

Huenda wengine wakaona jambo hili ni dogo. Lakini tumsahihishapo mwanafunzi katika lugha moja na kumsamehe katika nyingine, twamfundisha kwamba Kiswahili hakina kanuni zake. Hilo si kweli, na wa kulikanusha ni sisi tuishikao kalamu nyekundu.