Mahali Mstari Unapokata: Juu ya Lugha ya Grafu

Mlinganyo wa mstari mnyofu waweza kuchorwa kwa kutafuta nukta mbili tu: ile mstari unapokata mhimili wa x, na ile unapokata mhimili wa y. Kazi yenyewe ni nyepesi. Katika 2x + 3y = 12, y ikiwa sifuri, x ni 6; x ikiwa sifuri, y ni 4. Nukta mbili hutiwa alama, rula huwekwa, na mstari hupigwa. Hata hivyo kuna kosa linalozaliwa katika kazi hiyo nyepesi, na asili yake ni maneno kuliko hesabu.

Mwanafunzi aambiwapo atafute mahali pa mhimili wa x, mara nyingi huifanya x kuwa sifuri. Amesikia x, naye ameishika x. Kiunganishi “wa” humwambia kwamba mhimili ni wa x, wala hakimwambii kwamba nukta yoyote iliyo juu ya mhimili huo haikupanda wala haikushuka, na kwa sababu hiyo y yake ni sifuri. Neno “mhimili” nalo halimsaidii sana. Limetoka katika kitenzi himili, nalo kwa mjenzi ni boriti ibebayo uzito wa dari. Mhimili wa grafu haubebi kitu, bali hupima. Lakini neno hilo limekwisha kuzoeleka, na kulitangua sasa kungeleta hasara kuliko faida.

Mtunga istilahi akitakiwa kupapa jina mahali hapo, huenda akaunda nomino kutokana na kata, tuseme “kikato cha x”. Ni neno fupi na linaingia vizuri katika orodha. Ubaya wake ni kwamba halisemi kama kikato ni nukta (6, 0) au ni namba 6, na tena linarudisha utata ule ule wa “cha x”. Kinyume chake, maneno “mahali mstari unapokata mhimili wa x” ni marefu, lakini yana kitenzi, yana mtenda na mtendwa, na yana -po- ya mahali maalumu. Sarufi ya Kiswahili hapa ina utajiri ambao watunga istilahi wameutumia kidogo mno. Mstari una mahali unapokata, una upande unakoelekea, na una eneo unamopita. -Po-, -ko- na -mo- zinatenga nukta, mwelekeo na robo ya grafu bila kuhitaji nomino mpya hata moja.

Jambo hili si la wanasarufi peke yao. Nchini Tanzania Kiswahili ndicho kilichofanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, na sekondari kwa sehemu kubwa imebaki na Kiingereza. Hoja ya kwamba Kiswahili hakina maneno ya hisabati ya juu hujibiwa kwa kuchapisha orodha za maneno. Orodha hizo zina kazi yake, lakini mwalimu hafundishi kwa orodha. Hufundisha kwa sentensi.

Sifuri yenyewe yataka maelezo ya namna hiyo. Mtu mwenye shilingi 1,200 anunue machungwa ya shilingi 200 na maembe ya shilingi 300. Akiacha maembe kabisa, atapata machungwa 6. Akiacha machungwa, atapata maembe 4. Hizo ndizo nukta mbili za mlinganyo uliotajwa juu, na sasa kuandika sifuri ni kusema ni tunda gani limeachwa. Mwanafunzi aliyeelewa hivyo ni vigumu kuchanganya mhimili mmoja na mwingine.

Njia hii ina mipaka, na mipaka hiyo nayo huujaribu msamiati. Mstari wa y = 5 haukati mhimili wa x popote. Mstari wa y = 2x hukata mihimili yote miwili mahali pamoja, yaani pale inapokutana, na nukta moja haitoshi kuongoza rula. Hapo hutafutwa nukta nyingine, kama vile x ikiwa 1 na y ikiwa 2. Na “kikato”, ambacho mwanafunzi amekariri kwamba ni viwili, kimebaki kimoja.